PS2 ya zamani: chipu, memori kadi au hadi diski? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Natengeneza PlayStation 2 kwa miaka mingi sasa, mwanzo nikiwa nyumbani, baadaye kwenye meza ndogo nje ya duka la vifaa vya simu. Mashine hii ilitoka Japani Machi 2000, ikaacha kutengenezwa mwanzoni mwa 2013, na ziliuzwa zaidi ya milioni 155 dunia nzima. Kwetu bado ziko sebuleni na kwenye mabanda ya gemu, na wenyewe hawana mpango wa kuzitupa. Kilichobadilika ni maswali. Zamani mtu alikuja akasema, "Fundi, haisomi CD." Siku hizi anasema, "Fundi, nimeona watu wanacheza kwa flashi, na mimi nifanyie hivyohivyo." Hapo ndipo kazi inapoanza, maana njia ni nyingi na si kila njia inaifaa kila mashine.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Anza na njia ambayo ukiichoka unaichomoa na mashine inarudi kuwa kama ilivyotoka kiwandani. Pasi ya kuchomelea ije mwisho kabisa, na mara nyingi haitahitajika.

Fundi, nina PS2 ya zamani. Niambie kwa kifupi, njia ipi ni bora?

Siwezi kukujibu kabla hujaipindua. Chini au nyuma ya mashine kuna kibandiko chenye maandishi yanayoanza na SCPH na tarakimu tano. Hizo ndizo zinazoamua.

Tuseme imeandikwa SCPH-77004. Tarakimu za mwanzo, 77, ni toleo. Ya mwisho, 4, ni soko ilikokusudiwa kuuzwa: 0 ni Japani, 1 ni Marekani Kaskazini, 2 ni Australia, 3 ni Uingereza, 4 ni Ulaya, 6 ni Hong Kong na Singapore. Nyingi nilizozishika mimi huishia na 3, 4 au 6, na mara chache 1, ambazo huja kwenye mizigo ya ndugu walioko Marekani.

Kwa toleo, zigawe mafungu matatu. La kwanza ni zile kubwa, zenye nafasi ya kuchomeka hadi diski (hard disk) nyuma: 30000, 39000 na 50000. La pili ni slimu, yaani zile nyembamba, za 70000, 75000, 77000 na 79000, ambazo zimetengenezwa kuanzia 2004 na umeme wake unapitia adapta ya nje. La tatu ni slimu ya mwisho, 90000, ambayo adapta yake imo ndani na waya wa umeme unaingia moja kwa moja.

Ukiwa na kubwa, lengo lako liwe hadi diski. Ukiwa na slimu ya kati, chukua memori kadi ya Free McBoot, yaani kadi yenye programu inayoifungulia mashine gemu zisizo kwenye diski, kisha gemu uzisomee kwenye flashi au kwa waya wa mtandao. Ukiwa na 90000, subiri kwanza usome swali linalofuata kabla hujatoa hela yako.

Kama kibandiko kimebanduliwa au kimekwanguliwa, muulize anayekuuzia kwa nini. Mara nyingi mashine hiyo imeshafunguliwa na mtu, na ndani utakuta mambo.

Yangu ni 90004. Nimeambiwa haikubali Free McBoot. Ni kweli?

Inategemea imetengenezwa lini. Kwenye kibandiko hichohicho tafuta msimbo mfupi wa tarakimu moja na herufi moja, kwa mfano 7D au 8B. Tarakimu ni mwaka, herufi ni robo ya mwaka: A ni Januari hadi Machi, B Aprili hadi Juni, na kuendelea hivyo. Yenye 8A au 8B itakubali. Yenye 8C ni bahati, nyingine inakubali na nyingine inakataa. Kuanzia 8D Sony waliweka BIOS mpya (programu ya ndani inayoiwasha mashine), 2.30, iliyouziba kabisa mlango ambao Free McBoot inapitia.

Lakini usikate tamaa na usikimbilie chipu. Kuna njia nyingine ya kadi inaitwa OpenTuna. Yenyewe haiingii wakati mashine inawaka kama Free McBoot. Unaiwasha PS2 bila diski, unaingia kwenye sehemu ya kuangalia yaliyomo kwenye memori kadi, na pale mashine inapojaribu kuchora picha ndogo ya faili lililotegwa, programu inapata nafasi ya kuingia. Hatua imeongezeka moja tu. Ukishaizoea, mikono inafanya yenyewe.

Chipu ni nini hasa, na bado ina maana leo?

Diski halali ya PS2 ina alama ambayo mashine ya kawaida ya kuchomea DVD haiwezi kuiandika. Ndani ya PS2 kuna kijichipu kinachosimamia lenzi na kuikagua alama hiyo. Kisipoiona, kinakataa. Chipu ya kuongezea inachomelewa kwenye mazabodi ili iingilie mazungumzo hayo na kuiambia mashine kwamba diski ni halali. Ndiyo maana PS2 iliyochipiwa inasoma diski za kuchoma na za nchi yoyote.

Enzi zile haikuwepo njia nyingine ya maana, na mafundi waliotuchipia mashine walitupa utoto mzuri sana. Majina mawili utakayoyasikia zaidi ni Matrix Infinity na Modbo, na hii ya pili ni nakala ya ile ya kwanza. Nyaya zake hupita ishirini, kila moja nyembamba kama unywele, na baadhi zinatua kwenye miguu ya chipu iliyobanana kiasi kwamba bila lenzi ya kukuzia huoni nafasi kati yake.

Tatizo ni kwamba kosa dogo halikai dogo. Kwenye slimu hasa, chipu iliyochomelewa vibaya huweza kuunguza koili ya lenzi. Liliwahi kunitokea kwenye 70004 ya jirani yangu. Nilimaliza, nikaiwasha, taa ikawa kijani, diski ikazunguka, gemu ikaingia. Nikamkabidhi nikiwa na furaha. Siku ya tatu akairudisha, diski haizunguki kabisa. Nilipoifungua, waya mmoja ulikuwa umenyanyuka kidogo mno, hata ukiukodolea macho ungedhani umeshika. Lenzi ilikuwa imeshakufa. Nililipia lenzi nyingine mfukoni mwangu, na tangu siku hiyo sijamshauri mtu achipi slimu ambayo haijaguswa.

Chipu mpya ina maana kama una rafu nzima ya diski halali za Japani au Marekani na unataka kuzichezea kwenye mashine ya Ulaya, lenzi yako ni nzima, na fundi wako umeiona kazi yake kwa macho. Nje ya hapo, sioni.

Nimenunua ambayo imeshachipiwa. Niitoe chipu?

Iache. Kuichomoa ni kuchomelea upya sehemu zilezile zilizochoka. Kadi ya Free McBoot kwa kawaida inakaa pamoja na chipu bila ugomvi. Mashine ikianza kujizima au kuganda, hapo ifunguliwe nyaya zikaguliwe.

Free McBoot inafanyaje kazi? Mbona ni kadi tu?

PS2 ina tabia moja: ikiwaka, kabla haijakuonyesha chochote, inaangalia kwenye memori kadi kama kuna sasisho la mfumo wake. Sony waliiweka hiyo kwa matumizi yao wenyewe. Free McBoot inajivika vazi la sasisho hilo. Mashine inaipokea, inaiendesha, na badala ya menyu ya kawaida unaona menyu ndefu yenye programu ulizoweka. Kati ya hizo, utakayoitumia kila siku ni Open PS2 Loader, ambayo wengi tunaiita OPL. Ndiyo inayosoma gemu kutoka kwenye flashi, hadi diski au kompyuta.

Hakuna skrubu iliyofunguliwa wala waya uliochomelewa.

Ila kadi lazima iwe na MagicGate, yaani ule ulinzi wa Sony ulio ndani ya kadi yenyewe. Kadi halisi ya Sony ya MB 8 inatosha na inabaki na nafasi ya kuhifadhi gemu. Kuwa mwangalifu na kadi za bei chee zilizoandikwa 64 au 128. Baadhi hazina MagicGate ingawa neno limechapishwa juu, na programu ya kuweka itakataa katikati. Hata zile zinazokubali, nimeona nyingi zikifuta maendeleo ya mtu ghafla. Kijana amecheza ligi miezi mitatu, anawasha asubuhi anakuta kadi iko tupu. Ukitaka amani, tafuta kadi halisi hata kama ni ya mtumba na rangi imechubuka.

Rafiki yangu anayo kadi hiyo. Naweza kukopi mafaili yake kwenye kadi yangu?

Hapana, si kwa kukopi. Faili la kuwashia limefungwa kwa saini ya kadi moja, ukilihamishia nyingine linakuwa takataka. Lakini rafiki huyo anakufaa kwa namna nyingine. Chomeka kadi yako kwenye nafasi ya pili ya mashine yake, weka flashi yenye programu ya kuwekea Free McBoot, uifungue kupitia uLaunchELF, programu ya kufungulia mafaili iliyoko kwenye menyu yake, kisha uiambie iweke kwenye kadi ya pili. Inachukua dakika chache.

Utaulizwa kama unataka kadi ya mashine moja au ya mashine zote. Ya zote ni nzuri kwa mtu anayehamahama na kadi yake, ila ukiichagua usije ukafuta faili lolote la Free McBoot kwa mkono, maana kadi itavurugika.

Na kama sina rafiki wa namna hiyo?

Kuna njia iliyotoka Juni 2020 inaitwa FreeDVDBoot, kazi ya mtaalamu wa usalama wa kompyuta anayejiita CTurt. Aligundua kwamba programu ya kuchezea filamu za DVD iliyomo ndani ya PS2 ina kasoro. Unachoma diski moja ya DVD-R, unaiweka kama vile unaangalia filamu, na mashine inafungua uLaunchELF. Kutoka hapo unaweka Free McBoot kwenye kadi kwa flashi, na diski hiyo umemaliza nayo kazi.

Hakikisha mambo mawili. Angalia toleo la kichezeo cha DVD: washa bila diski, kwenye menyu ya mwanzo bonyeza pembetatu, utaona orodha ya matoleo. Slimu nyingi ni 3.10 au 3.11 na hizo zinakubali faili moja la pamoja, lugha ya mashine ikiwekwa Kiingereza. Mashine kubwa zina matoleo mbalimbali, tafuta faili la toleo lako. La pili, lenzi yako lazima iwe hai. Kama imekufa, nunua kadi iliyokwisha kuwekwa Free McBoot, na usilipe mpaka uione inawaka kwenye mashine yako wewe.

Nimeweka gemu kwenye flashi, lakini video za mwanzo zinakatakata na sauti inakwama. Flashi mbovu?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na karibu kila mtu analaumu flashi bure.

Tundu za USB za PS2 ni za kizazi cha kwanza, USB 1.1. Uwezo wake wa juu kabisa ni megabiti 12 kwa sekunde, sawa na MB 1.5, na kwa vitendo unapata pungufu ya hapo. Lenzi ikisoma DVD inatoa takriban MB 5 kwa sekunde. Kwa hiyo gemu iliyotengenezwa ikitegemea diski inajikuta inanyweshwa kwa mrija mwembamba zaidi ya mara tatu. Wakati wa kucheza hutahisi sana, maana mengi yameshapakiwa. Video ndizo zinazodai maji mengi kwa mkupuo, nazo ndizo zinazokwama. Ukinunua flashi ya kasi ya ajabu haitasaidia, mrija ni uleule.

Unachoweza kufanya ni hiki. Kwenye OPL, simama juu ya jina la gemu, fungua mipangilio yake, washa Mode 4 inayoruka video. Gemu ikiganda kabisa badala ya kukatakata, jaribu Mode 1 kwanza, halafu Mode 2 na 3, moja moja, si zote kwa pamoja. Gemu za mpira kwa kawaida hazisumbui. Zenye hadithi ndefu na video nyingi ndizo zitakazokufanya utamani njia nyingine.

OPL inaniambia faili limevunjikavunjika. Maana yake nini?

OPL inataka gemu ikae kwenye flashi kama kitambaa kizima, isiwe viraka vilivyotawanyika. Ukifuta gemu moja na kuweka nyingine mara kwa mara, kompyuta inaanza kujaza mashimo na faili linagawanyika. Dawa ya uhakika: hamisha vyote, fomati flashi, rudisha gemu moja moja, ya kwanza ikimaliza ndipo uanze ya pili.

Na hapohapo kwenye fomati kuna jambo. FAT32, fomati ya kawaida ya flashi, haipokei faili la kuanzia GB 4, wakati diski za DVD za PS2 zinaweza kufika GB 4.7, na zile za tabaka mbili, kama God of War II, zinaweza kufika GB 8.5. Kuna programu ya kompyuta inaitwa USBUtil inayoikata gemu vipande na OPL inavisoma kama kitu kimoja. Matoleo mapya ya OPL yanakubali pia fomati ya exFAT, na hapo huhitaji kukata chochote.

Gemu ambazo diski zake za asili zilikuwa CD, zile zenye mgongo wa buluu, ziweke kwenye folda iitwayo CD. Nyingine kwenye DVD. Ukizichanganya zitakataa kuwaka na utadhani zimeharibika.

Basi nini kina kasi kuliko flashi?

Kwa mashine kubwa, hadi diski. Unahitaji ile adapta ya mtandao ya Sony inayofungwa nyuma kwa skrubu mbili. Ilikuja na tundu la hadi diski za zamani za IDE, ambazo siku hizi ni shida kupatikana zikiwa nzima, lakini zipo bodi ndogo za kubadilisha tundu hilo liwe la SATA, hivyo hadi diski iliyotoka kwenye kompyuta mbovu inaingia. Inakubali hadi TB 2. Gemu zinapakiwa haraka, video hazikatiki, na ukiweka FreeHDBoot, yaani Free McBoot ya kukaa kwenye hadi diski, hata memori kadi ya kuwashia huihitaji tena. Ningepewa nichague PS2 moja tu ya kubaki nayo maisha yangu yote, ningechukua 50004 yenye hadi diski, bila kusita.

Kwa slimu, tumia tundu la mtandao lililo nyuma. Waya wa kawaida wa mtandao kutoka PS2 hadi kwenye ruta au moja kwa moja kwenye kompyuta, gemu zinakaa kwenye kompyuta, OPL inazivuta. Ni haraka kuliko flashi kwa mbali. Kikwazo ni kwamba njia hii inatumia SMB, mfumo wa kompyuta kugawana mafaili kwenye mtandao, ya toleo la kwanza, ambayo Windows ya sasa imeizima kwa sababu za usalama. Usiiwashe kwenye kompyuta yenye kazi zako za ofisi. Tafuta kompyuta kuukuu, au ile kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, iwe ya gemu tu.

Kuna pia adapta iitwayo MX4SIO. Inafanana na memori kadi, inaingia kwenye nafasi ya pili, na ndani yake unaweka kadi ya SD. Inaizidi flashi, na haina waya wala kompyuta. Mtu wa slimu asiyetaka mambo mengi namwelekeza huko.

Lenzi yangu imekufa. Mashine bado inafaa?

Inafaa sana. Kwa kweli hii ndiyo sababu kubwa inayonifanya nizipende njia za kadi. PS2 nyingi zilizotupwa stoo hazina tatizo jingine lolote. Kadi ikiingia, mashine inacheza bila kuzungusha diski hata moja.

Lakini kabla hujaitangaza maiti, ifungue uitazame. Lenzi ni kijicho cha plastiki chenye mng'ao wa zambarau, kimekaa juu ya kigari kinachotembea kwenye vyuma viwili. Mara nyingi ninachokuta ni vumbi limekaa juu ya kijicho kama ukungu kwenye kioo, na mafuta ya kwenye vyuma yamekauka yamekuwa kama nta ya njano. Pamba ya masikio iliyoloweshwa kidogo kwa spiriti, pitisha taratibu bila kukandamiza. Futa mafuta ya zamani, paka mapya kiasi cha punje ya mchele kila upande. Zimefufuka nyingi kwa hilo tu. Usikimbilie kuzungusha kile kiskrubu cha kuongeza nguvu ya mwanga. Itasoma wiki mbili tatu, kisha itakufa moja kwa moja.

Shemeji kaniletea PS2 kutoka Marekani. Naichomeka tu?

Simama hapohapo! Umeme wa Marekani ni volti 120, wetu ni 230 hadi 240. Mashine kubwa yenye 1 mwishoni ukiichomeka ukutani inaungua saa ileile. 90001 ni vilevile, adapta yake imo ndani. Hizo zinahitaji transfoma ya kushusha umeme. Slimu za 70001 hadi 79001 ni rahisi zaidi kwa sababu adapta iko nje na inatoa volti 8.5. Tafuta adapta ya slimu ya huku yenye volti hizohizo, na mashine haitajua kama imehama bara.

Picha ikitokea nyeusi na nyeupe au inapanda na kushuka kwenye televisheni ya zamani ya kichogo, si ubovu. Ni mfumo wa picha wa Marekani unaogombana na televisheni. Kwenye televisheni bapa za leo ni nadra kuliona, na ndani ya OPL kuna kipengele cha GSM kinacholazimisha mfumo mwingine.

Diski zangu za PlayStation 1 je?

Diski halali za nchi ileile ya mashine zinacheza kama kawaida. Diski za kuchoma za PS1 hazitacheza kwa Free McBoot peke yake. Kuna POPStarter inayocheza PS1 kutoka kwenye flashi au hadi diski, gemu nyingine zinaenda vizuri, nyingine zinachechemea.

Nimesikia kuhusu MechaPwn. Hiyo si ndiyo dawa ya yote?

MechaPwn inabadilisha maelezo yaliyoandikwa ndani ya kile kijichipu kinachokagua diski, ili mashine ijione kama ya watengeneza gemu na ikubali nchi zote, pamoja na diski za kuchoma za PS1. Inafanya kazi kwenye baadhi ya 50000 na kuendelea hadi slimu. Ni kazi ya ustadi mkubwa na naiheshimu.

Ila fikiria umeme wetu. Wakati programu inaandika, umeme ukikatika unaweza kubaki na sanduku tupu. Na mabadiliko hayo yanabaki ndani ya mashine, hayachomoki kama kadi. Ukiamua, tumia betri ya akiba ya kompyuta, weka nakala ya maelezo ya awali ambayo programu yenyewe inakutengenezea, uihifadhi sehemu mbili, usiguse kitufe mpaka imalize. Kama unacheza kwa flashi na huna haja ya diski, huna sababu ya kujitia kwenye hatari hiyo.

Mkuu, nataka kufungua banda la gemu lenye PS2 nne. Unanishauri nini?

Wateja wako watataka mpira. PES 2014, iliyotoka Novemba 2013, ni miongoni mwa gemu za mwisho kabisa za PS2, na mpaka leo watu wanaichezea ikiwa imepachikwa timu za msimu mpya. Kwa hiyo flashi inatosha kabisa, mpira hauna video nyingi. Faida kubwa kwako ni kwamba hakuna diski ya kukwaruzwa na hakuna lenzi ya kununua kila baada ya miezi michache.

Shida yako itakuwa mikono ya watu. Kadi na flashi vinachomoza mbele ya mashine, na mtoto akijikwaa kwenye waya wa pedi, flashi inapinda pamoja na tundu lake. Nimebadilisha matundu ya USB mengi kutokana na hilo. Tumia waya mfupi wa kurefushia USB, flashi ilale pembeni imefungwa kwa gundi ya karatasi. Mashine uiweke ndani ya kisanduku cha mbao chenye matundu makubwa nyuma, maana feni inatoa joto upande huo, na banda la mabati mchana ni tanuri. Jifunze pia kutoka kwenye gemu kwa pedi: L1, L2, R1, R2, Start na Select kwa pamoja vinarudisha OPL, hivyo huhitaji kuzima na kuwasha kila mteja akibadilisha gemu.

Hii ni halali?

Kuweka kadi au programu kwenye mashine uliyoinunua ni jambo moja, gemu yenyewe ni jambo jingine. Gemu ni kazi ya watu na inalindwa. Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Mimi nawatolea watu nakala za diski walizo nazo, kwa ImgBurn kwenye kompyuta, kabla mikwaruzo haijazimaliza. Diski za PS2 za mitumba bado zinapatikana kwa bei ndogo, nunua.

Kila nikiwasha inaniuliza tarehe na lugha upya. Nimeharibu?

Hujaharibu. Ni betri ndogo ya saa iliyo ndani, CR2032, imeisha. Inauzwa kila mahali.

Nikitaka kuirudisha kama ilivyokuwa, nifanyeje?

Zima. Chomoa kadi. Washa.